Uzinduzi wa Mshipa wa Bi Mashavu

Msomaji asihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Ramani yake ni ya muda, imechorwa kwa penseli, na afisa anayeitunza haruhusiwi kuionyesha mpaka itakapopatikana ya wino.

Ilikuwa nchi ya amani na watu wake walikuwa na subira kubwa. Ikulu yake ilikuwa hema, lililosimikwa mwaka wa uhuru wakati wajenzi wakitafuta matofali. Daraja la kuingilia mji mkuu lilikuwa la mbao, limewekwa kwa wiki mbili tu, na wiki hizo mbili sasa zilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Wimbo wa taifa ulikuwa na ala bila maneno, maneno yakisubiriwa, kwa hiyo wananchi walisimama wima na kuguna kwa heshima mpaka ala zinyamaze. Rais naye alikuwa Rais wa Muda. Alishika nafasi hiyo hadi apatikane mwingine, na ili huyo mwingine asicheleweshwe, alikubali kuiongoza yeye mwenyewe kamati ya kumtafuta. Kila sikukuu ya uhuru alisimama mbele ya taifa na kueleza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba wametafuta kila mahali. Mwaka huo ulikuwa wa ishirini na sita wa kutafuta.

Vitu vya kudumu navyo vilikuwepo, ila hivyo vilikuwa na wizara yake. Wizara ya Uzinduzi ilipeleka pampu ya maji ya kudumu katika wilaya ya Mitomoni siku ya Jumanne, bendi ikapigwa, utepe ukakatwa, waziri akanywa glasi moja ya maji mbele ya wapiga picha. Alhamisi pampu ikapakiwa kwenye lori kwenda kuzinduliwa Chekelea. Hiyo ndiyo Kanuni ya Saba ya Uzinduzi: kitu chochote cha kudumu, kikishazinduliwa, kitahamishiwa bila kuchelewa mahali pa uzinduzi unaofuata. Ilikuwa kanuni pekee nchini iliyotekelezwa kwa wakati. Pampu ile ilikuwa imeiona nchi kuliko mwananchi yeyote, na kulikuwa na gari la wagonjwa lililozinduliwa mara arobaini bila kuwahi kubeba mgonjwa.

Tepe zote zilizokatwa katika sherehe hizo alizishona mtu mmoja, Bi Mashavu Kilindo, mama wa miaka sitini na mbili, mnene, mcheshi, mwenye pini mdomoni saa zote za kazi. Siku moja alipanda jukwaani Chekelea kufunga utepe, ngazi ya muda ikamwachia. Akaanguka akavunjika paja, na damu ikaanza kuvujia ndani ya tumbo.

*

Aliyempokea hospitali ya mji mkuu alikuwa Daktari Kidawa Shomvi. Kidawa alikuwa na miaka ishirini na saba, shahada mpya isiyo na mkunjo, na imani moja aliyotoka nayo chuoni: kwamba watu wazima wakielezwa jambo vizuri, huelewa.

Siku ya tatu mguu wa Bi Mashavu ulivimba. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa paja, na Kidawa alijua safari ya bonge kama hilo. Likikatika hupanda na mshipa mkuu wa tumboni, hupita moyoni, huziba mapafu, na mtu anaweza kufa huku akiomba maji. Kuna dawa za kuzuia damu kuganda, lakini kumpa dawa hizo mtu anayevuja damu tumboni ni kumfungulia bomba. Ikabaki njia moja. Kabatini kulikuwa na boksi la vichujio sita walivyoviacha madaktari wageni, vya waya mwembamba, kila kimoja kama mwavuli mdogo uliobaki njiti tupu. Kidawa alikipitisha kimoja kwenye mshipa huku akikifuata kwa eksirei, akakiacha kifunguke ndani ya mshipa mkuu. Damu ingepita katikati ya njiti zile, na bonge lingenaswa.

"Kama chujio la chai," Bi Mashavu alisema alipoelezwa.

"Hasa, mama. Na damu ikikoma kuvuja nitakupa dawa, kisha nitakitoa. Ni cha muda tu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka wakamtazama daktari kwa huruma.

Kulikuwa na fomu, bila shaka. Iliitwa Fomu ya Kuingiza Kitu Ndani ya Mwananchi, na swali lake la tisa liliuliza: je, kitu hiki ni cha muda au cha kudumu? Kidawa aliandika "cha muda", na kwa kuwa alikuwa mkweli, alipiga mistari miwili chini yake. Hakuna kosa kubwa zaidi alilowahi kulifanya katika udaktari.

*

Bi Mashavu alipona vizuri. Tumbo lilikauka, dawa zikaanza, mguu ukapungua. Wiki ya nane Kidawa alikwenda kufungua chumba cha eksirei ili akitoe kichujio, akakuta mlinzi mlangoni na orodha mkononi. Kichujio, mlinzi alimweleza kwa upole, kilikuwa kimesajiliwa. Kukigusa bila kibali kulikuwa kosa la kuhujumu mali ya muda ya taifa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha muda, ambacho kila mtu alijua urefu wake.

Ndipo Kidawa akaenda katika Idara ya Vitu vya Muda, kwa Bwana Kazimoto.

Bwana Kazimoto alikuwa Kaimu Mkurugenzi. Alikuwa ameikaimu nafasi hiyo kwa miaka kumi na tisa, na kila asubuhi alifika na begi dogo lenye vitu vyake vyote, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba mwenye nafasi angewasili wakati wowote. Hakuwahi kulifungua begi lile. Alimkaribisha Kidawa kama binti yake, akaitikia shikamoo yake, akafunua rejesta kubwa.

"Namba elfu nne mia moja na kumi na mbili," alisoma. "Baada ya mwavuli wa mkuu wa mkoa, kabla ya shimo la mbele ya posta. Kimesajiliwa vizuri sana. Tatizo liko wapi?"

"Nataka kukitoa, mzee."

"Kukitoa kukipeleka wapi?"

"Kukitoa tu. Kazi yake imekwisha."

Bwana Kazimoto alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akaigeuza rejesta ili daktari aone mwenyewe. Kulikuwa na safu ya tarehe ya kuingia. Kulikuwa na safu ya kuongezewa muda, pana kuliko zote, iliyojaa mihuri. Baada ya hapo karatasi ilikwisha.

"Safu ya kutoka haipo, binti yangu. Usidhani imefutwa. Haikuchorwa."

Kidawa akakumbuka imani yake, akaanza kueleza vizuri. Alimwambia kwamba kichujio kikikaa sana, ukuta wa mshipa hukumbatia njiti zake, na baada ya hapo kukitoa ni hatari au hakuwezekani kabisa. Njiti huweza kutoboa mshipa, au kuvunjika. Na damu huanza kuganda palepale kilipo.

"Kitu kilichowekwa kuzuia mabonge," alisema, "kikipitisha wakati wake kinaanza kuyatengeneza chenyewe."

Bwana Kazimoto aliinuka akafunga dirisha. Akafunga na mlango.

"Maneno hayo ya mwisho umemwambia nani mwingine?"

"Mgonjwa wangu."

"Basi na yaishie kwake," alisema, akajaribu kitasa kuona kama mlango umefungika kweli.

Hata hivyo alikuwa mtu mwema, kwa hiyo aliitisha kamati. Wajumbe watano walikuja, wote wakiwawakilisha wengine ambao hawakuja, wakajadili tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Mjumbe wa kwanza aliuliza kama ingewezekana kukiacha kichujio mahali pake na kumwondoa mgonjwa. Wa pili alikumbusha kwamba tangu uhuru hakuna kitu cha muda kilichowahi kuondolewa, na akaomba aelezwe kwa nini taifa lianzie tumboni mwa fundi cherehani. Wa tatu alisema yeye haogopi kichujio, anaogopa fikra. Leo kitoke kichujio, kesho mtu apite mbele ya lile daraja aanze kujiuliza. Hapo wote walitazama dari, kwa kuwa ukutani kulikuwa na picha ya Rais wa Muda na hakuna aliyetaka kuonekana akiitazama wakati huo.

Uamuzi ulikuwa wa kauli moja. Kichujio kiliongezewa miaka kumi. Bi Mashavu alipewa cheti cha pongezi, chenye nafasi ya picha itakayobandikwa baadaye.

*

Wiki ya kumi na moja mlinzi alimruhusu Kidawa kupiga picha tu, bila kugusa. Picha ilionyesha mwavuli umeanza kuinama, njiti moja ikiegemea ukuta wa mshipa. Bado ungeweza kutoka. Kidawa alikadiria kwamba zilibaki siku kumi, pengine kumi na mbili, kisha ukuta ungeshika.

Alikaa pembeni ya kitanda cha Bi Mashavu akaieleza picha hiyo vizuri, kama alivyokuwa akieleza kila kitu, na katikati ya maelezo sauti ikamkatika. Akalia. Si kilio cha kujificha; alilia kwa kwikwi, cheti cha pongezi kikiwa magotini mwake.

Bi Mashavu alimwacha alie mpaka amalize. Alikuwa na kitambaa chekundu mikononi, kwani Wizara ya Uzinduzi ilimletea kazi hata wodini.

"Uliandika nini kwenye ile fomu?" aliuliza hatimaye.

"Cha muda."

"Mwanangu, na shule yote hiyo." Alitoa pini mdomoni akaichomeka kwenye mto. "Miaka thelathini nashona tepe. Pampu ya kudumu, ilikaa siku mbili. Taa za kudumu za soko, ziling'olewa waziri hajafika kwenye gari. Ile zahanati ya kudumu ya Chekelea waliihamisha na muuguzi akiwa ndani anampima mtu. Mimi nilichoona kikiondoka nchi hii ni kile kilichokatiwa utepe. Kizindueni."

Kidawa alifuta macho. Alisema hawezi kuandika uongo kwenye fomu ya serikali.

"Soma kile kikaratasi chake," Bi Mashavu alisema. "Kila kitu kina kikaratasi."

Kidawa alikwenda kabatini akakisoma kikaratasi cha boksi, maandishi madogo kama mchwa. Katika ukurasa wa sita watengenezaji waliandika kwamba kichujio hutolewa hatari ikipita, lakini daktari akiona hakuna budi, kinaweza kuachwa kidumu. Alikisoma mara tatu. Kisha akajaza fomu mpya, na kwenye swali la tisa akaandika, bila kupiga mstari wowote: kinaweza kudumu.

Katika Wizara ya Uzinduzi fomu hiyo ilipokewa kama mvua. Kwa miezi mitatu hawakuwa na kitu kipya cha kuzindua, na pampu ilikuwa imeanza kutambuliwa na watoto.

*

Siku tano baadaye, saa nne asubuhi, Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi aliingia wodi namba tatu akifuatwa na bendi ya wanajeshi kumi na wawili, ambao kwa ufinyu wa nafasi walipiga wakiwa wamejipanga katikati ya vitanda, tarumbeta moja ikimwelekea moja kwa moja mgonjwa wa pumu. Utepe ulikuwa umefungwa kutoka nguzo ya dripu hadi dirishani, ukipita juu ya tumbo la Bi Mashavu. Aliushona mwenyewe, na wauguzi walisema hawajawahi kuona pindo lililonyooka namna ile. Jiwe la msingi liliwekwa kwenye kiti cha wageni.

Mheshimiwa alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema kwamba kuna nchi, hakutaka kuzitaja, ambazo wananchi wake hadi leo wanatembea na mishipa mitupu. Serikali ya Muda, alisema, imeamua kwa makusudi kabisa kuingia ndani ya mwananchi na kukaa humo. Aliahidi kwamba kichujio hiki kitadumu kizazi hadi kizazi, na akamwomba Bi Mashavu amhakikishie kwamba wajukuu nao watakitumia. Bi Mashavu alisema atajitahidi.

Kisha Mheshimiwa akaomba kukiona kichujio. Kidawa alimwonyesha filamu ya eksirei dhidi ya mwanga wa dirisha, akaeleza huu ni uti wa mgongo, na pale ndipo kilipo, kale kamwavuli. Mheshimiwa alitazama kwa umakini mkubwa, akaupongeza uti wa mgongo kwa ujenzi wake imara, akapewa mkasi.

"Natamka kwamba mshipa huu," alisema, "uko wazi rasmi."

Wodi nzima ilisimama, aliyeweza kusimama, wakaguna wimbo wa taifa.

Usiku ule Kidawa hakulala vizuri. Alihesabu siku zake upya: zilibaki tano, pengine saba. Kama Kanuni ya Saba ingeshindwa mara hii moja, kama mtu mmoja wizarani angesoma fomu mbili kwa pamoja, basi yangekuwa yamekwisha. Lakini katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kusoma fomu mbili kwa pamoja. Saa moja na robo asubuhi lori la tani saba lilirudi nyuma hadi mlango wa wodi, likiwa na kamba, turubai na wapagazi wanane. Dereva alikuwa na barua. Iliagiza kwamba kichujio cha kudumu cha taifa kihamishwe leo hii kwenda kuzinduliwa Mitomoni, na kwamba afisa yeyote atakayechelewesha shughuli hiyo atachukuliwa hatua.

Mlinzi wa chumba cha eksirei alisoma barua, akaona muhuri, akafungua mlango kwa mikono miwili.

*

Kazi yenyewe haikuwa na bendi. Kidawa alimchoma Bi Mashavu sindano ya ganzi shingoni, akatoboa mshipa tundu dogo, akapitisha mrija mwembamba ukashuka polepole kupitia moyoni huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha eksirei. Ndani ya mrija kulikuwa na waya wenye kitanzi. Kichujio kilikuwa na kindoano kichwani, na kwa kuwa kilikuwa kimeinama, kitanzi kilikikosa mara ya kwanza. Kikakikosa mara ya pili. Jasho lilimshuka Kidawa hadi ndani ya barakoa.

"Ingiza kwa chini, halafu pandisha," Bi Mashavu alisema akiwa macho, akifuata kwenye kioo. "Kama kutunga uzi ukiwa umeshikilia sindano kwa mbali."

Mara ya tatu kitanzi kilishika. Kidawa aliusukuma mrija ukashuka juu ya njiti, njiti zikajikunja moja baada ya nyingine, mwavuli ukafunga, akauvuta. Njiti iliyoegemea ilisita kidogo, kisha ikaachia. Kilikuwa nje. Katikati ya njiti kulikuwa na kibonge cheusi cha damu, kidogo kama punje ya kunde, ambacho miezi mitatu iliyopita kilikuwa kikielekea mapafuni mwa Bi Mashavu.

Kidawa alikigandamiza kile kitundu cha shingo kwa pamba, akahesabu dakika kumi kimya kimya, na hakuna aliyemwona akilia mara hii isipokuwa mgonjwa.

Dereva alitia sahihi. Wapagazi wanane walikibeba kichupa chenye kichujio kwa zamu hadi kwenye lori, wakakifunga kwa kamba, wakakifunika turubai. Kilizinduliwa Mitomoni, kikazinduliwa Chekelea, na hadi leo kinazunguka nchi nzima kikikatiwa tepe zilizoshonwa na mwanamke aliyewahi kukibeba.

*

Wiki tatu baadaye Bwana Kazimoto alifika nyumbani kwa Bi Mashavu, akiwa peke yake, na begi lake mkononi. Alimkuta kwenye cherehani, gongo la kutembelea likiwa limeegemea ukuta, chini ya picha ya Rais wa Muda ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Kidawa alikuwepo pia, alikuja kuutazama mguu. Mgeni alikaribishwa chai. Hakuigusa.

Alisema amekuja kiofisi, kukagua namba elfu nne mia moja na kumi na mbili. Bi Mashavu alivuta ukosi wa gauni pembeni akamwonyesha shingo. Palikuwa na alama ndogo, kama alipoumwa na mbu. Kaimu Mkurugenzi aliivalia miwani, akainama, akaitazama muda mrefu sana. Nje ya uzio walikuwa wamesimama majirani kama kumi, ambao kwa siku kadhaa walikuwa wakija kuazima chumvi na kuitazama alama ile.

"Ilichukua muda gani, daktari?"

"Dakika ishirini na tatu, mzee."

"Mama, na kilipotolewa, ulijisikiaje? Hukuhisi pengo?"

"Nilivuta pumzi," Bi Mashavu alisema. "Halafu nikaomba chai."

Bwana Kazimoto alifunua rejesta aliyokuja nayo kwapani ili aandike, akakumbuka kwamba hakuna safu ya kuandikia. Akatoa rula. Polepole, ulimi ukiwa umebanwa pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, akachora mstari mmoja kutoka juu ya ukurasa hadi chini.

Kisha akainua macho ukutani, kwenye picha, akabaki ameyaacha hapo.

"Na hapo shingoni," aliuliza, bila kumtazama mtu, "walikushona?"

"Mimi ningejua," Bi Mashavu alisema, akaurudisha mguu wake mzima kwenye kanyagio la cherehani. "Hata uzi mmoja haukuhitajika."